Usitupe Stakabadhi: Mhadhara Juu ya Kumbukumbu za Makumbusho ya Sanaa

Ndugu watunza nyaraka, na ninyi wanafunzi mliojazana huko nyuma kwenye ngazi,

Tarehe 28 Mei 1937, mwandishi Max Aub, aliyekuwa akifanya kazi katika ubalozi wa Hispania mjini Paris, alimwandikia balozi wake, Luis Araquistáin, barua ya mambo ya fedha. Alimwarifu kwamba hatimaye Picasso amekubali kupokea hundi ya faranga 150,000 kufidia gharama za picha aliyokuwa akiichora kwa ajili ya banda la Hispania kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya mwaka ule. Mchoraji alikuwa hataki kulipwa. Aub alimsihi mpaka akakubali, na hapo aliona mbali kuliko wengi: kiasi kile kilikuwa kidogo mno mbele ya thamani ya kazi yenyewe, lakini kilitosha kuifanya picha ihesabiwe kuwa imenunuliwa na Jamhuri.

Picha hiyo ni Guernica, yenye urefu wa karibu mita nane. Mnaijua. Tangu 1939 ilikaa New York, katika Museum of Modern Art, ambayo wengi huiita MoMA, kwa sababu Picasso alisema haiendi Hispania hadi uhuru wa wananchi urejee huko. Akafa mwaka 1973 na picha bado iko New York. Franco akafuata 1975. Ndipo maswali yakaanza. Je, picha hii ilikuwa mali ya Picasso, na sasa ni ya warithi wake? Ni ya makumbusho yaliyoihifadhi miaka arobaini? Au ni ya taifa la Hispania? Majibu yalitafutwa kwenye makaratasi. Araquistáin alikuwa amekufia uhamishoni Geneva mwaka 1959, na karatasi zake zilibaki mikononi mwa familia. Serikali ya Hispania ilizinunua, na humo ndimo ushahidi wa malipo ulimokuwa. Upande wa New York zilikuwepo barua ambazo Picasso na mwanasheria wake, Roland Dumas, waliyaandikia makumbusho kueleza masharti ya kuirudisha. Tarehe 10 Septemba 1981 picha ikatua Madrid.

Sisemi kuwa hundi peke yake ndiyo iliyoirudisha. Siasa ilikuwepo, na wanasheria walikula sehemu yao. Ninachosema ni kwamba mzozo uliohusu picha mashuhuri kuliko zote za karne ile ulihitaji karatasi ya mhasibu. Barua za mapenzi na maazimio ya wasanii havikuwa na la kusema kuhusu nani mwenye mali. Na karatasi za mhasibu ndizo tunazozichoma kila mwaka mpya wa fedha unapoanza.

Niwaeleze ninazungumzia kumbukumbu gani. Makumbusho ya sanaa huwa na karatasi za aina mbili. Kuna zile zinazokusanywa kama michoro inavyokusanywa: barua za wasanii, madaftari ya rasimu, picha za karakana. Hizo zina wapenzi wengi. Magazeti huandika zikinunuliwa. Halafu kuna karatasi ambazo taasisi huzizaa yenyewe kwa kuwa hai: mihtasari ya vikao vya baraza la wadhamini, barua za kuazima na kuazimwa kazi, hati za makabidhiano, bima, orodha za kufungasha makasha, taarifa za hali ya kila picha inapofika na inapoondoka, michoro ya kuta inayoonyesha nini kitundikwe wapi, ankara za seremala. Tate ya London ilifunguliwa 1897, na hifadhi yake ya karatasi za wasanii ilianzishwa 1970. Karatasi zake za kiofisi zinasimama mbali na hizo, chini ya sheria ya nyaraka za umma ya Uingereza ya mwaka 1958. Utengano huo ni mzuri kisheria. Lakini katika makumbusho mengi duniani, kundi la kwanza hupewa chumba chenye kiyoyozi na la pili hupewa ghala la chini ya ngazi, pamoja na viti vilivyovunjika.

Mtu aliyeijua thamani ya kundi la pili kuliko wakurugenzi wengi wa zama zake alikuwa tapeli.

Jina lake John Drewe. Miaka ya 1980 alikutana na mchoraji John Myatt, mwalimu aliyekuwa na shida ya fedha, ambaye alikuwa ametoa tangazo gazetini kwamba anachora nakala za picha maarufu kwa bei ndogo na kwa uwazi kabisa. Myatt alikuwa na kipaji cha kuiga, lakini hakuwa mwangalifu wa vifaa: alichora kwa rangi ya kupakia kuta za nyumba, akaichanganya na jeli ya kulainisha ya hospitalini ili brashi iteleze. Mtaalamu yeyote wa maabara angeigundua rangi ile kabla ya chai ya saa nne. Na bado Drewe aliziuza picha hizo kama kazi za Giacometti, Ben Nicholson, Dubuffet na wengine, takriban 200, kwa muda wa karibu miaka kumi, zikapita mikononi mwa nyumba kubwa za mnada.

Aliwezaje? Hakuigusa rangi. Aliziendea karatasi. Alijitambulisha kwa Tate kama mtaalamu wa fizikia mwenye ukwasi na mapenzi ya sanaa. Alitaka kuwapa zawadi ya picha mbili. Zilipoanza kutiliwa shaka akaziondoa, na badala yake akatoa pauni 20,000 kusaidia hifadhi ya nyaraka. Hebu fikirieni mhifadhi yeyote anayeomba bajeti kila mwaka na kunyimwa, kisha anatokea bwana nadhifu na hundi. Mlango ukafunguliwa. Drewe akaketi kwenye chumba cha wasomaji, akaletewa maboksi.

Humo ndani aliingiza badala ya kuiba. Tate ilikuwa imepokea kumbukumbu za Hanover Gallery, nyumba ya sanaa ya London iliyokuwa ikiuza kazi za Giacometti na wenzake, zikiwemo albamu za picha za kazi zilizopita dukani. Drewe alipenyeza humo picha za kazi za Myatt, zenye vibandiko na namba zinazofanana na za zamani. Alitengeneza barua na stakabadhi zenye sura ya umri. Kwenye maktaba ya sanaa ya Victoria and Albert Museum aliacha katalogi za maonyesho zilizochezewa. Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu, yule anayefuata kila hatua tunayoifundisha darasani, alikwenda mwenyewe kwenye hifadhi, akaomba albamu, akaikuta picha, akarudi nyumbani ameridhika. Kadiri alivyokuwa mwangalifu ndivyo alivyonasa.

Waliomshuku walikuwepo. Mtaalamu mmoja wa Giacometti aliyekuwa Paris alikataa kuthibitisha kazi aliyoletewa, hata karatasi zilipokuwa zimekamilika. Mwaka 1995 polisi wakamkamata Myatt, akasema yote, na mwaka 1999 Drewe akahukumiwa kifungo cha miaka sita. Picha nyingi hazijapatikana hadi leo. Zimetundikwa mahali fulani kwenye kuta za watu wanaozipenda. Lakini hasara kubwa zaidi ilibaki kwenye maboksi. Kila hati ambayo Drewe aliiomba ilibidi itazamwe upya, na kwa kila moja swali likawa lile lile: hii ilikuwepo tangu mwanzo, au imekuja na yule bwana?

Hapa naomba mniruhusu niisifu kidogo masjala ya serikali, taasisi isiyosifiwa na mtu. Waliowahi kufanya kazi ofisini Dodoma au Nairobi wanajua utaratibu wa folio. Karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba yake ya folio juu pembeni, na dokezo linalofuata hutaja namba hiyo. Jalada lenye folio 1 hadi 64 ambalo lina karatasi isiyo na namba kati ya 31 na 32 linajisemea lenyewe. Utaratibu huo tuliurithi kutoka kwa Waingereza na tunauchoka, tunaona ni urasimu. Albamu za Hanover Gallery zingekuwa na namba kwenye kila ukurasa na orodha ya kilichomo tangu siku zilipopokelewa, Drewe angetoka jasho. Hata hivyo orodha ya namna hiyo inataka saa za kazi za mtu, na saa hizo ndizo makumbusho hayakuwa tayari kuzilipia, wakati ununuzi wa picha mpya ulikuwa na fungu lake.

Sasa nirudi New York. MoMA ilifungua milango Novemba 1929, siku chache baada ya soko la hisa kuporomoka, katika vyumba vya kupanga kwenye ghorofa ya 12 ya jengo la ofisi huko Fifth Avenue. Mkurugenzi wake, Alfred Barr, alikuwa na miaka 27. Onyesho la kwanza lilikuwa la Cézanne, Gauguin, Seurat na van Gogh. Barr alikuwa mtu wa karatasi kwelikweli: aliandika, alichora michoro ya kueleza historia ya sanaa kwa mishale, alitunza nakala. Na bado idara ya kumbukumbu ya makumbusho hayo haikuanzishwa hadi 1989. Miaka sitini! Muda wote huo karatasi zilikaa maofisini, maktabani na kwenye maghala, zikilindwa na watu waliozipenda bila cheo cha kuzilinda. Msidhani basi kuwa taasisi tajiri huzaliwa na akili hii.

Tarehe 15 Aprili 1958, mafundi waliokuwa wakifunga mitambo ya hewa katika jengo la MoMA waliwasha sigara karibu na makopo ya rangi, na moto ukazuka. Mtu mmoja akafa. Picha kubwa ya Monet ya maua ya maji iliteketea pamoja na nyingine. Seurat mkubwa aliyekuwa ameazimwa kutoka Art Institute of Chicago alinusurika kwa kuhamishwa haraka, na Chicago haijamwazima mtu tena hadi leo. Monet yule hayupo. Anayetaka kujua alikuwaje hana budi kutegemea picha zilizopigwa akiwa bado ukutani na maneno yaliyoandikwa juu yake akiwa mzima.

Picha hizo za ukutani ndizo ningependa kukaa nazo kidogo. Tangu mwanzo, MoMA ilikuwa na desturi ya kumwita mpiga picha kila onyesho lilipokamilika, kabla ya kulifungua, apige kila chumba kama kilivyo. Hakuna aliyezipiga kwa ajili ya historia. Zilikuwa za kazi: za magazeti, za bima, za kumkumbusha msimamizi namna alivyopanga. Mnamo Septemba 2016 makumbusho yaliweka wazi kwa umma kumbukumbu za maonyesho zaidi ya 3,500 tangu 1929, pamoja na picha kama 33,000 za namna hiyo, orodha za kazi na taarifa kwa vyombo vya habari. Ghafla mtu aliyeko Mwanza mwenye simu na bando anaweza kuingia chumba cha mwaka 1936 na kuona sanaa ya dhahania ilivyopangwa: picha gani iliwekwa karibu na mlango, ipi ilipewa ukuta peke yake, nini kilisogezwa kona.

Na ukiziangalia kwa makini unaona mambo ambayo katalogi hazisemi. Katalogi hukupa kazi moja moja, kwenye karatasi nyeupe, kana kwamba kila moja ilizaliwa peke yake. Picha ya chumba hukuonyesha jirani. Hukuonyesha urefu wa kutundika, viti vya wageni, sakafu, swichi ya taa. Hukuonyesha ni sanaa ya nani iliyowekwa kwenye korido. Miaka miwili baadaye watu wa Google walifundisha kompyuta kuzilinganisha picha hizo na kazi zilizomo kwenye mkusanyo, ikapata mioano zaidi ya 20,000. Sawa, kazi nzuri. Lakini kompyuta ilikuta picha zikiwa na tarehe na namba ya onyesho nyuma yake. Karani aliyeziandika namba hizo kwa penseli ndiye aliyefanya sehemu ngumu.

Katika makumbusho hayo hayo kuna kazi ya mtu wa kwetu. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, mwanafunzi na baadaye mwalimu wa Makerere, mwaka 1956 alichora wanaume wakipeleka mbege kwa bibi harusi usiku. Mwaka 1960 alionyesha kazi zake New York, akisaidiwa na Harmon Foundation, shirika lililokuwa likiwatangaza wasanii Waafrika huko Marekani. Na MoMA ikainunua ile ya mbege. Baada ya uhuru Ntiro akawa balozi wetu London. Basi fikiria mwanafunzi wa sanaa wa Dar es Salaam anayetaka kuandika habari za picha hiyo. Nani aliipendekeza? Ililipiwa kiasi gani? Ilitundikwa mara ngapi, karibu na picha ya nani, na ilikaa stoo muda gani? Penye ununuzi pana jalada, na jalada liko New York. Harmon Foundation ilifungwa 1967, na kumbukumbu zake zikaenda Library of Congress, Washington. Sehemu kubwa ya maisha ya mchoraji wa Kilimanjaro imo kwenye majalada ya taasisi mbili za Marekani kwa sababu huko karani alikuwepo.

Silalamiki kwamba wametunza. Nalalamika kwamba upande wetu wa mawasiliano hayo hauonekani. Kila barua ina watu wawili.

Upande wetu una hadithi zake. Mwaka 1965 Elimo Njau, mchoraji wa kutoka Marangu, pamoja na wenzake, walianzisha Paa ya Paa mjini Nairobi, mojawapo ya nyumba za kwanza za sanaa Afrika Mashariki kumilikiwa na Waafrika. Washairi walipita pale, wachongaji, wachoraji kutoka nchi zote tatu. Mwaka 1997 moto ukaunguza kazi za sanaa na maktaba. Nyumba ilisimama tena, watu wakaendelea. Lakini kumbukumbu za taasisi hazichorwi upya. Mchoraji aliye hai anaweza kuchora picha nyingine; orodha ya kazi zilizoonyeshwa Machi ya mwaka fulani, na majina ya walionunua, ikiungua bila nakala imekwisha.

Mtasema moto ni ajali. Kweli. Ila karatasi nyingi haziondoki kwa moto. Zinaondoka kimya kimya, na hapa nitaingia jikoni kidogo, mnisamehe wale mliokuja kusikia habari za Picasso.

Chukueni faksi. Miaka ya 1980 na 1990 makubaliano mengi ya kuazimana kazi za sanaa kati ya nchi na nchi yalikwenda kwa faksi, na karatasi ya faksi ya wakati ule ilikuwa na dawa inayobadilika rangi kwa joto. Dawa hiyo haidumu. Fungua jalada la mwaka 1991 lililokaa kwenye kabati la chuma linalopigwa na jua la mchana: utakuta karatasi laini, inayojikunja, ya kijivu hafifu, na pale palipokuwa na sahihi ya mkurugenzi wa makumbusho ya nje hapana kitu. Karatasi ipo, mkataba haupo. Iliyobaki ikisomeka itolewe fotokopi leo, kwenye karatasi ya kawaida, isisubiri mradi.

Filamu ni kisa kingine. Negativu za asetati, zilizotumika sana karne iliyopita, huoza kwa namna yake: plastiki yenyewe hutoa asidi, asidi huharakisha uozo, uozo hutoa asidi zaidi. Ukifungua boksi ukapokewa na harufu ya siki, ujue limeanza, na lililoanza halirudi nyuma. Linapunguzwa kasi tu kwa baridi. Boksi hilo litengwe na mengine siku hiyo hiyo. Vipande vya magazeti vina asidi yake na huchafua barua zinazolala juu yake. Selotepu huacha doa la kahawia na kubanduka. Pini za stepla na klipu za chuma hushika kutu, na kutu hula karatasi kwa umbo la pini.

Halafu pwani yetu. Ukungu huanza kustawi unyevu wa hewa ukizidi takriban asilimia 65, na Dar, Tanga, Mombasa na Unguja huvuka hapo siku nyingi za mwaka bila jasho, au tuseme kwa jasho. Watu hununua kiyoyozi na kudhani wamemaliza. Kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa tisa na nusu mlinzi anapoingia kinaipandisha na kuishusha hali ya chumba kila siku, na karatasi hutanuka na kusinyaa pamoja nayo. Afadhali chumba kisicho na kiyoyozi lakini chenye hewa inayopita, rafu zilizo mbali na ukuta na juu ya sakafu, na mtu anayepita kila wiki na tochi kutazama mchwa. Mtu huyo ni wa bei nafuu kuliko kiyoyozi na haharibiki umeme ukikatika.

Hizo ni hatari za vitu. Za watu ni mbaya zaidi, kwa sababu zina heshima. Mkurugenzi anastaafu. Anaagwa kwa keki na hotuba, na gari la ofisi linampelekea nyumbani maboksi yake. Katika maboksi hayo kuna picha za wajukuu, na kuna barua zote za mazungumzo ya onyesho kubwa la mwaka fulani, kwa sababu alizipokea yeye na akaziona zake. Hana nia mbaya. Miaka kumi baadaye watoto wanagawana nyumba. Araquistáin naye alikuwa na karatasi za serikali nyumbani, mtaniambia, na ndizo zilizoiokoa Hispania. Ni kweli, alikuwa akikimbia vita, na Hispania ilibahatika kwamba familia haikuzitupa. Taasisi haiwezi kuweka bahati kwenye kanuni zake.

Na sasa hata maboksi hayapo. Msimamizi wa maonyesho wa leo anajadiliana na mchoraji kwa WhatsApp, anatumiwa picha ya kazi pamoja na ujumbe wa sauti wenye bei, anajibu kwa kidole gumba, na kazi inaletwa kwa bodaboda. Miezi sita baadaye simu inaibiwa Kariakoo. Mkataba wenyewe umehifadhiwa kwenye kompyuta kwa jina la «mkataba mpya wa mwisho kabisa 2», na hakuna anayejua kama kuna wa 3. Barua pepe za ofisi zimo kwenye akaunti binafsi ya mtu aliyehama kazi. Naogopa kwamba mtafiti wa mwaka 2075 atazijua shughuli za Barr za mwaka 1936 vizuri kuliko zetu za mwaka juzi. Dawa si ngumu wala si ya kisasa sana: mazungumzo yakifika kwenye bei, tarehe, masharti au umiliki, yaandikwe upya kwa barua pepe ya ofisi, barua hiyo ipigwe chapa au ihifadhiwe kwa muundo usiobadilika, na iingie kwenye jalada lenye namba. Kijana wa masjala ataona mnamsumbua. Msumbueni.

Kuna neno la kusema juu ya kufungua. Desemba 1998 nchi 44 zilikutana Washington kuzungumzia kazi za sanaa zilizoporwa na Wanazi, na kati ya misingi waliyokubaliana ni kwamba kumbukumbu zinazohusika ziwe wazi kwa watafiti. Makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani yalianza kuajiri watu wa kufuatilia nani alimiliki nini kati ya 1933 na 1945, na ghafla maghala ya chini ya ngazi yakapata taa. Hatari ya kushtakiwa ilifanya kile ambacho miongo ya maombi ya watunza nyaraka haikufanya. MoMA yenyewe ilikuwa na la kueleza, kwa kuwa mwaka 1939 ilinunua kazi ambazo serikali ya Hitler iliziondoa kwenye makumbusho ya Ujerumani na kuziuza nje. Barr aliona anaziokoa, na wengine wakaona anamlipa mwizi. Ninyi mkisoma majalada mtaamua wenyewe. Mtaweza kuamua kwa sababu yapo.

Kwa upande wetu swali hilo limekuja kwa mlango mwingine. Mradi wa orodha za kimataifa, ulioshirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani, umekusanya taarifa za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi 30 za nje. Kazi yote imetegemea vitabu vya mapokezi vya taasisi hizo. Na vitabu vya namna hiyo vina ugonjwa wa kawaida: hutaja jina la afisa au mmisionari aliyekileta kitu, tarehe, pengine bei, na mara nyingi aliyekichonga au kukisuka hatajwi. Karani aliandika alichoambiwa kuwa ni muhimu. Hata hivyo kitabu chenye upungufu ni kitabu cha kuanzia. Penye ukimya mtupu mdai hana pa kushika.

Wadhamini wengi huogopa kufungua. Wanaogopa bei zionekane, ugomvi wa kikao usomwe, mfadhili aone alichosemwa. Hofu hiyo ina haki kwa kiasi. Mshahara wa mtu na afya yake si mali ya umma. Wekeni basi muda: miaka 20, miaka 30, andikeni na mtangaze. Nisichokikubali ni jalada lililofungwa bila tarehe ya kufunguliwa, kwa kuwa hilo hufunguliwa na mchwa.

Mwandaaji amenionyesha saa. Ameniomba pia niseme, kwa nyumba ya sanaa ya hapa isiyo na fungu la nyaraka, nani aanze. Aanze mhasibu. Yeye ndiye mwenye stakabadhi, na yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuziteketeza miaka ya ukaguzi ikipita. Mkurugenzi amwandikie barua moja ya sentensi moja: ankara, hundi na stakabadhi zote za kununua, kuazima, kusafirisha, kukatia bima na kukarabati kazi za sanaa zitengwe na zisiteketezwe pamoja na nyingine. Iandikwe wiki hii, ipewe namba ya folio, na nakala yake ilale kwenye jengo jingine.

Sasa karibuni kwa maswali. Tuanze na wale wa kwenye ngazi.